Boriti ya mbele ya pikapu: kabla fundi hajawasha mashine ya weldi

Pikapu inayobeba magunia ya mwani mbichi kutoka Paje, au karafuu kutoka vilima vya Wete, inabeba pia chumvi, matuta na mashimo. Kwa hiyo si ajabu mwenye gari kuja gereji na ombi la kuinuliwa mbele, au kuundiwa boriti mpya, yaani chuma kinachobeba magurudumu ya mbele, iliyo pana na nene kuliko ile ya kiwandani. Katika idara yetu ya ufundi wa magari swali hili huja mara kwa mara, na jibu letu ni kwamba kazi hiyo inawezekana. Lakini watu huuliza unene wa chuma, wakati kinachoamua mambo ni pembe ya gurudumu na moto wa weldi.

Anza kwa kuchungulia chini ya gari. Hilux nyingi za miaka ya 1990 zisizo fowili (zisizovuta kwa magurudumu yote manne) hazina boriti kabisa. Kila gurudumu lina amu (mikono ya chuma) mbili, na habari zake ni nyingine. Kwenye lori ndogo za zamani kama Dyna na Canter, ambazo wengi wetu tunazijua kwa bodi za mbao za gari za shamba, utakuta ekseli moja nzima imelala juu ya springi za pleti. Aina ya tatu ni boriti mbili zinazopishana. Ford walianza kuiweka kwenye pikapu zao za modeli ya 1965. Kila boriti imefungwa kwa bushi (kiungo chenye mpira kinachoiruhusu kuzunguka) upande mmoja wa chesisi na kubeba gurudumu la upande wa pili, na mkono mrefu unaoelekea nyuma unaizuia isisogee mbele wala nyuma. Huko Marekani, wanaokimbiza magari jangwani wameipenda sana aina hii, kwa sababu ni rahisi kuirefusha.

Urefu ndio siri yake. Gurudumu la boriti ya namna hii hupanda na kushuka kama bawa la mlango linavyozunguka kwenye bawaba, kwa hiyo kila linaposogea, linalala, yaani linainama upande. Chukua boriti yenye milimita 900 kutoka bushi hadi gurudumu: gurudumu likipanda milimita 100, linalala kiasi cha nyuzi 6.4. Irefushe ifike milimita 1,200, na mwendo uleule utalilaza nyuzi 4.8 tu. Sasa mtu akiweka springi ndefu ili gari inyanyuke, bila kugusa boriti, vichwa vya magurudumu vinatoka nje na tairi linaliwa ukingo wa nje. Hapo hakuna bushi mpya itakayosaidia. Inabidi boriti ipindwe upya au iundwe nyingine, na tairodi (fito zinazounganisha usukani na magurudumu) zipangwe zizunguke kwa mkondo ulio karibu na wa boriti. Zisipolingana, gari ikiingia shimoni usukani unajigeuza wenyewe mkononi mwa dereva.

Tuje kwenye moto, na hapa ndipo ninapowasihi mafundi watulie. Boriti nyingi za kiwandani zimefuliwa kwa chuma chenye kaboni ya wastani. Chuma hicho kikichomewa kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya weldi hupoa ghafla, ikawa ngumu na yenye kuvunjika bila kupinda kwanza. Anayelazimika kukigusa akipashe moto kabla, kati ya nyuzi 150 na 260 za Selsiasi kulingana na chuma chenyewe, na baadaye akiache kipoe polepole ndani ya chokaa kavu. Kwa ushauri wangu, boriti iliyofuliwa isikatwe wala isiungwe. Ni nafuu kuunda mpya kwa bamba la chuma laini, ambalo weldi yake inajulikana, kuliko kuotea chuma usichokijua kimechanganywa na nini.

Rodi za kuchomelea nazo si mamoja. Ile 6013 iliyozagaa madukani ni nzuri kwa mageti na madirisha. Kwa boriti tumia 7018, ila ganda lake hunyonya unyevu, na hewa ya visiwani, hasa wakati wa masika, haina huruma. Rodi iliyolala wazi huingiza haidrojeni ndani ya weldi, na ufa unaweza kujitokeza siku moja au mbili baada ya kazi kumalizika, gari ikishaondoka gerejini. Pakiti ikishafunguliwa, rodi zikae kwenye oveni yake ya joto. Zikishalowa zikaushwe tena kwa joto lililoandikwa na kiwanda. Kuzianika juani hakutoshi.

Boriti ya bamba huundwa kama sanduku refu, na haifai kuundwa sakafuni. Lazima iwe na jigi (fremu ya kushikilia kazi) imara inayoshika tundu la bushi na la kingpini, pini ambayo gurudumu hugeukia, mahali pake, kwa sababu chuma kinachochomewa hujivuta. Piga nukta kwanza, yaani weldi ndogondogo za kushikilia, kisha chomea vipande vifupi ukibadilisha upande, na ukiache kipoe katikati. Kiungo cha kuvuka kisimame mshazari, kisikate boriti moja kwa moja. Tundu likihitajika litobolewe katikati ya ubavu. Ukanda wa juu na wa chini ndio unaobeba mzigo, usiguswe. Acha pia tundu dogo la kutolea maji upande wa chini, maana sanduku lililozibwa likipenywa na maji ya chumvi litaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

Kabla ya rangi, subiri siku mbili kisha ikague. Penye uwezo kuna rangi maalumu za kupenya kwenye nyufa. Pasipo, paka mafuta ya taa kwenye weldi, ngoja, futa mpaka kukauke, halafu paka chokaa nyepesi. Ufa ukiwepo, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusimweusi kwenye weupe.

Mwenye gari akiambiwa, "Hii itakuwa imara kuliko ya kiwandani," na aulize ni rodi gani imetumika, imekaa wapi, na jigi iko wapi. Kisha apeleke gari kwenye mashine ya alaimenti (ya kupimia pembe za magurudumu) ikiwa na mzigo wake wa kawaida, sio tupu, na ripoti iliyochapishwa akaiweke pamoja na kadi ya gari.