Gari la kuunda mwenyewe Uingereza: MOT si IVA

"Fundi, gari limepita MOT, sasa IVA ya nini tena?" Nimechoka kuulizwa swali hili na Waswahili wenzangu wanaounda magari nyumbani hapa Uingereza. IVA ni ukaguzi wa kuidhinisha gari moja moja kabla ya kusajiliwa; MOT ni ule ukaguzi wa kila mwaka wa magari yaliyo barabarani.

MOT huangalia uchakavu. Gari la kiwandani muundo wake ulishapitishwa zamani, kilichobaki ni kutazama breki zilizolika, tairi vipara na kutu. Lako halijapitishwa na yeyote. Umeliunga kwa chesisi ya kununua na spea za gari kuukuu, ndiyo maana mkaguzi wa IVA kutoka DVSA, wakala wa serikali wa ukaguzi wa magari, huanzia kwenye muundo wenyewe: mikanda ya usalama imeshikizwa wapi, usukani ukiuachia kwenye kona unarudi au unang'ang'ania, ekzosi haizidi desibeli 99, spidomita haisomi chini ya mwendo halisi hata kidogo.

Halafu ncha kali, wengi huangukia hapa! Ukingo wowote wa nje unaoweza kuguswa na tufe la kipenyo cha milimita 100 lazima uviringwe, nusu kipenyo isipungue milimita 2.5. Vichwa vya bolti, vishikizo vya madigadi, vioo, vyote. Mnaniambia huo ni ukorofi. Mtembea kwa miguu akigongwa, bolti iliyochomoza ndiyo inayomchana! Tafuta mpira wa ukubwa huo, upitishe gari zima kabla ya kuweka miadi. Raba za kufunika kingo zibandike kwa gundi, maana inayong'oka kwa mkono haihesabiki.

"Nitalitembeza taratibu nikisubiri namba." Hapana. Kabla ya usajili unaliendesha kwenda kwenye ukaguzi wenye miadi tu, tena likiwa na bima.

"Injini kongwe haipimwi moshi." Kipimo hufuata umri wa injini, na kuuthibitisha umri huo kwa karatasi ni kazi yako. Hata ya kabla ya Agosti 1975 huangaliwa moshi kwa macho.

"Nikifeli, basi tena." Unapewa orodha ya kasoro, unarekebisha, unarudi kwa ada ndogo zaidi.

"Namba ya gari nililotolea spea itahamia kwenye jipya." DVLA, wakala wa usajili wa magari, ndio wanaoamua, na gari la spea zilizotumika ambalo umri wake haujulikani huweza kupewa namba inayoanza na herufi Q. Tunza kila risiti na piga picha za kila hatua tangu chesisi ikiwa tupu.