Anasomea nyumbani, atazoea watu saa ngapi?

Mimi ni mwalimu, nilitoka shuleni na sasa nafundisha majumbani watoto wasioenda shule hapa Arusha, asubuhi niko Sakina mchana Njiro, na kila nyumba ninayoingia kuna bibi au shangazi mwenye swali lile lile. Wala siyo la hesabu au Kiingereza, ni "mwalimu, huyu mtoto atazoea watu saa ngapi?" Ni swali la upendo na wana haki ya kuuliza. Ila majibu yanayotembea mtaani mengi siyo kweli, na mengine yanatoka kwa wazazi wenyewe waliochagua kufundishia nyumbani.

DHANA: Mtoto asiyeenda shule lazima awe muoga wa watu.

UKWELI: Siyo lazima. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani anaitwa Larry Shyers, Chuo Kikuu cha Florida, alichukua watoto 70 wanaosomea nyumbani na 70 wa shule za kawaida, wote miaka 8 mpaka 10, wakarekodiwa wakicheza makundi makundi, na waliokaa kuwaangalia hawakuambiwa nani anatoka wapi. Kwenye kujiamini kusema anachotaka walikuwa sawa tu, na utukutu na ugomvi ulikuwa mdogo kwa wale wa nyumbani. Lakini usilichukue hilo ukalileta Sakina kama lilivyo, maana ni watoto 140 tu, alafu kule kufikia 2016 waliosomea nyumbani walikuwa kama milioni 1.7, yani wazazi wana vikundi vyao, wanakutanisha watoto, wana timu na maktaba. Huku unakuta mtaa mzima mtoto yuko peke yake.

Nina mwanafunzi wangu wa miaka tisa. Mwanzoni, saa kumi wenzake wakisharudi shule, alikuwa anasimama getini mpira kwapani anawatazama wanacheza, magoli ya ndala. Hakuwa muoga hata kidogo, nyumbani anaongea na wageni mpaka unamwambia pumzika. Siku moja akajikaza akatoka akawaambia "samahani, naweza kucheza na nyinyi?" wakamkodolea macho wakaangua kicheko, akarudi ndani analia. Pale mtaani mtoto hasemi hivyo, anasema "naomba namba", anasumbua, anasukumwa, anasumbua tena mpaka apewe. Mama yake alitaka geti lisifunguliwe tena jioni. Nikamwambia dada yangu nakuomba, kesho mwache atoke. Ilichukua karibu mwezi. Sasa hivi anapewa namba, akiwekwa golini anasusa, anaondoka kwa hasira, na baada ya dakika kumi unamuona huyo kasharudi golini.

Kule kususa na kurudi ndo kuzoea watu kwenyewe. Hakuna kitabu changu chochote kinachofundisha hicho.

DHANA: Darasani ndo mtoto anafundishwa kuishi na watu.

UKWELI: Nimesimama mbele ya darasa miaka mingi na neno nililolisema kuliko yote ni "nyamazeni". Wanachojifunza kuhusu watu kiko mapumziko, kwenye foleni ya uji, njiani wakirudi kwa miguu. Shule inawapa muda huo bila mzazi kupanga chochote na hiyo ni faida kubwa sana, sitaki mtu aidharau. Ukimtoa shule muda huo inabidi uutafute wewe, kila siku, siyo siku ukikumbuka.

DHANA: Tuliona wakati wa korona, watoto walikaa nyumbani wakaharibika.

UKWELI: Shule zilifungwa Machi 17, 2020 na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Ile haikuwa kusomea nyumbani, ilikuwa dharura, mzazi hakujiandaa na watu walikuwa na hofu. Usipime kwa kipimo hicho.

DHANA: Nyumbani ndo salama, hataharibiwa na marafiki, binamu zake na Sandei skuli vinatosha.

UKWELI: Hii ya wazazi wenzangu ndo inaniumiza. Binamu wanakuja Krismasi, Sandei skuli ni saa moja kwa wiki tena wamekaa kwenye mabenchi wanaimba. Urafiki wa mtoto unataka watu wale wale, mara kwa mara, bila mama kusimama katikati kuamua nani kakosea. Na jingine zito zaidi, mwalimu wa shule ni jicho la pili, ndo anayeona mtoto kaja na alama mgongoni au kanyong'onyea ghafla. Mtoto asiyetoka ndani hana jicho hilo, hata kama wazazi ni wema.

Na sheria msiisahau. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amuandikishe mtoto aliyefikisha miaka 7 shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria, kwa hiyo kabla hujamtoa nenda kaongee na afisa elimu, usifanye kimya kimya.

Mimi nikifika nyumba mpya namuuliza mtoto mwenyewe, wiki hii umegombana na nani nje ya hapa, na mkapatana vipi? Asipokuwa na jina la kutaja, hesabu naziweka pembeni kwanza, tunakaa na mama tunatafuta saa ya kufungua geti.