Kijana, Mtaa na Mnazi: Maswali ya Wazazi wa Malindi

Mwanangu ana adabu na swala hazimpiti. Mtaa utamfanya nini?

Adabu ni kinga, tena kubwa. Kijana anayejiamini, anayejua kuituliza hasira yake na mwenye jambo analolitamani maishani si rahisi kuvutwa na pombe. Ila kinga hiyo huchakaa akipita mbele ya mangwe, yaani kilabu cha pombe ya mnazi, kila siku akitoka shule, akawakuta wakubwa anaowaheshimu wamekaa na mnazi tangu mchana, na muuzaji haulizi mtu umri. Hapo huanza kuamini kwamba kila mtu anakunywa, yeye tu ndiye mshamba. Simlaumu mgema. Mnazi unalisha nyumba nyingi za Kilifi, na una heshima yake katika mahari ya Wamijikenda. Heshima hiyo lakini ilikuwa ya wazee.

Si ni kinywaji cha asili tu?

Ukiwa ndio kwanza umegemwa ni mtamu, kilevi chake kidogo. Unavyokaa ndivyo unavyochacha, na wa jioni si wa asubuhi. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu ya mbele, inayopima matokeo ya jambo, hukomaa mwisho. Anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 yumo katika hatari kubwa zaidi ya kutawaliwa na pombe ukubwani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na baa haitakiwi kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Ukiona inavunjwa, mwone chifu.

Sisi majirani tufanye nini?

Mengi. Mwaka 1998 huko Iceland, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Wazazi walikubaliana saa ya watoto kurudi nyumbani, wakapita mitaani usiku kwa zamu, na michezo ikagharimiwa. Hapa Malindi, mitaa kama Maweni na Shela, wazazi wanajuana kwa majina. Hilo la saa ya kurudi lingeweza kuanza wiki hii. Kijana naye afundishwe kukataa kwa maneno yake mwenyewe: "Kesho nina mechi." Mfanyishe mazoezi nyumbani, msione haya.

Wangu ameshaanza. Nimchape?

Usimchape. Subiri pombe imtoke, kisha muulize alikuwa na nani na anatafuta nini pale, umsikilize mpaka amalize. Simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, nayo ni ya bure. Lakini ukimkuta hazinduki au anapumua polepole mno, usimngoje alale ulevi umwishe, wala usimtapishe au kumnywesha kahawa. Mlaze kwa ubavu, mtu abaki naye, na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.