Jezi iliyochezewa: maana yake na jinsi inavyothibitishwa

Jezi iliyochezewa ni ile ambayo mchezaji aliivaa uwanjani katika mechi inayojulikana. Watu huichanganya na jezi iliyoandaliwa, yaani yenye jina na namba ya mchezaji, iliyofika hadi chumba cha kubadilishia nguo lakini haikuingia uwanjani. Jezi ya shabiki ni ya dukani tu.

Kitambaa peke yake hakitoshi kuzitofautisha. Jezi ya buluu ambayo Diego Maradona wa Argentina aliivaa alipoifunga Uingereza mabao mawili katika Kombe la Dunia, tarehe 22 Juni 1986, ilitoka dukani Mexico City. Jezi za ugenini za Argentina zilionekana nzito mno kwa joto la kule, kwa hiyo nyepesi zikatafutwa madukani, nembo zikashonwa chapuchapu na namba za rangi ya fedha zikabandikwa. Mei 2022 kampuni ya mnada ya Sotheby's iliiuza kwa pauni milioni 7.1.

Kilicholipiwa ni ushahidi. Steve Hodge wa Uingereza alibadilishana jezi na Maradona baada ya mechi, kwa hiyo mikono iliyopitia inajulikana. Binti wa Maradona alipodai kwamba hiyo ni ya kipindi cha kwanza, kisichokuwa na bao, wauzaji walitegemea ulinganisho wa picha: nembo, mistari na namba vikapimwa dhidi ya picha za mabao. Ushonaji wa haraka, ambao kiwandani ungekuwa kasoro, hapa ni kama alama ya kidole.

Nawe fanya hivyohivyo. Tafuta picha kali za mechi yenyewe, kisha tazama mistari inakatwa wapi na mshono wa ubavu, nembo iko mbali kiasi gani na kola, namba imeinama upande gani, uzi gani umechomoka. Doa la nyasi ni ushahidi dhaifu, maana yeyote anaweza kulipaka. Saini nayo inathibitisha kusainiwa, si kuvaliwa. Cheti kisichotaja mechi wala tarehe ni karatasi tu. Picha zikikosekana, kama inavyoweza kutokea kwa jezi za mwaka ambao Gor Mahia walitwaa Kombe la Washindi Afrika (1987), pata maandishi ya mchezaji mwenyewe: mpinzani, tarehe, kipindi, na mtu aliyekabidhiwa jezi hiyo.

Ukishaipata, usiifue wala kuipiga pasi. Udongo na mikwaruzo ni sehemu ya ushahidi. Ikiwa bado ina jasho, ianike kivulini ikauke kabisa, la sivyo unyevu wa Pwani utaiotesha ukungu ndani ya mfuko wa plastiki. Ilaze bapa badala ya kuitundika, kwa kuwa hanga huvuta mabega. Katikati ya mbele na nyuma weka karatasi laini isiyo na asidi, kwa sababu namba za plastiki zikigusana kwenye joto hunatana, na ukizitenganisha zinabanduka.