Mambo ya Kutarajia Unapoanza Tiba ya Misuli ya Sakafu ya Nyonga

Wengi wanaopiga simu kuomba miadi kwangu huuliza kwanza kuhusu siku na saa, kisha hunyamaza kidogo, halafu hutoa swali lililowafanya wapige: je, nitavuliwa nguo? Jibu ni kwamba hakuna atakayekuvua. Ukiridhia kuchunguzwa, utavua mwenyewe nguo za chini ukiwa umeachwa peke yako chumbani, utalala kitandani na kujifunika shuka, nami nitabisha hodi kabla ya kuingia. Usiporidhia, siku hiyo bado ina kazi ya kutosha, na uamuzi wako hautapunguza haki yako ya kutibiwa.

Misuli ninayoishughulikia imetandazwa chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na katikati yake hupita mrija wa mkojo, uke kwa mwanamke, na njia ya haja kubwa. Hubeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Hufunga njia hizo tunapokohoa, kucheka au kunyanyua mzigo. Na hulegea ili haja itoke na ili tendo la ndoa lifanyike bila maumivu. Kwa hiyo wanaofika kwangu si kina mama waliojifungua peke yao, kama wengi wanavyodhani. Huja wanawake waliokoma hedhi, wanaume waliotolewa tezi dume, vijana ambao hawajazaa wanaoumia kila wanapojaribu kuingiliwa, na watu wa rika zote ambao wameteswa na choo kigumu kwa miaka.

Sehemu kubwa ya ziara ya kwanza, ambayo huchukua kati ya dakika 45 na saa nzima, ni mazungumzo. Nitauliza kuhusu uzazi na upasuaji uliopita, dawa unazotumia, na maumivu ya mgongo na ya nyonga. Nitauliza pia maswali ambayo pengine hakuna aliyewahi kukuuliza: mkojo hukuponyoka ukiwa unafanya nini, je, unawahi chooni au unachelewa, choo hutoka baada ya kusukuma kwa muda gani, na je, kuna kitu unachokihisi kikishuka ukeni ifikapo jioni. Siulizi kwa udaku. Mkojo unaotoka wakati wa kupiga chafya na mkojo unaotoka kwa sababu haja ilikujia ghafla kabla hujaufikia mlango wa choo huacha doa lilelile kwenye nguo, lakini chanzo ni tofauti na tiba ni tofauti.

Mwenye tatizo la mkojo hupewa pia karatasi ya kujaza nyumbani kwa siku tatu, pamoja na chombo cha kupimia. Humo ataandika saa, kiasi alichokunywa, kiasi alichokojoa, na nyakati mkojo ulipomponyoka. Napenda karatasi hii kuliko vipimo vingi vya gharama. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida huweza kubeba mililita 400 hadi 500, kwa hiyo karatasi ikionyesha kwamba mtu amekwenda chooni mara 14 kwa siku na kutoa mililita 100 kila mara, ninaelewa kwamba kibofu chake kinaomba kabla hakijajaa, na kwamba kumkataza maji, jambo ambalo wengi wamekwisha kujikataza wenyewe, kutaufanya mkojo uwe mkali na kuzidisha ile haja ya ghafla.

Baada ya hapo ndipo uchunguzi wa mwili unapofuata, ukianzia mbali. Nitatazama unavyosimama, unavyovuta pumzi na unavyoinuka kitini, kisha nitaligusa tumbo kuona kama misuli yake imeachana katikati baada ya ujauzito. Kwa wanaoridhia, huja uchunguzi wa ndani, nao si ule wa kliniki za uzazi unaotumia kifaa cha kupanua uke. Ninavaa glavu, ninatumia kilainishi, na kwa kawaida ninaingiza kidole kimoja tu, ukeni au, pale tatizo linapohusu choo au mgonjwa anapokuwa mwanaume, katika njia ya haja kubwa. Ninatangaza kila hatua kabla ya kuifanya. Ukisema basi, kidole hutoka papo hapo, na hulazimiki kutoa sababu. Una haki ya kuwa na mtu unayemwamini chumbani. Mwanamke ambaye hajawahi kuingiliwa, mama ambaye hajamaliza wiki sita tangu ajifungue, na mwenye maambukizi ya ukeni sitamchunguza kwa ndani. Kwao huangalia msamba kwa nje wanapobana na kukohoa, au hutumia mashine ya picha ya mawimbi ya sauti juu ya tumbo la chini, ambayo huonyesha kitako cha kibofu kikiinuka misuli inapobana.

Kidole hutafuta mambo matatu. La kwanza ni nguvu, ambayo tunaipa alama kuanzia 0 hadi 5: kwenye 0 sihisi chochote, kwenye 3 kidole kinabanwa na kuinuliwa kidogo, na kwenye 5 nikijaribu kukivuta kinazuiwa. La pili ni sehemu zinazouma au zilizokakamaa. La tatu, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni kama misuli hiyo inajua kuachia. Wapo wanaoambiwa wabane na badala yake wanasukuma chini kana kwamba wanajisaidia. Wengine hukaza makalio na mapaja, huzuia pumzi mpaka uso ukaiva, na ndani hakuna kilichosogea. Hao wamekuwa wakifanya mazoezi kwa bidii nyumbani, na bidii hiyo haikuwafaa kitu.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa ovyo kwamba kila mwenye tatizo la nyonga abane tu kila anapokumbuka. Daktari Arnold Kegel wa Marekani, ambaye mazoezi haya yanaitwa kwa jina lake, alipochapisha kazi yake mwaka 1948 alikuwa na kifaa cha kupima mbano ndani ya uke, ili mwanamke aone kwa macho kama amebana panapotakiwa. Kilichosambaa duniani ni jina lake na agizo la kubana. Upimaji uliachwa njiani. Kwa mwenye misuli iliyokakamaa agizo hilo linaweza kuongeza maumivu, kwa kuwa ngumi iliyokwisha kukunjwa haina pa kukunjwa tena.

Ikiwa misuli ni dhaifu, nitakufundisha kubana kwa mfuatano: funga njia ya haja kubwa kama unayezuia hewa isitoke, endelea mbele kama unayezuia mkojo, inua kwa ndani, huku ukiendelea kupumua. Wengine huanza kwa kushikilia sekunde tatu tu, kisha tunapanda taratibu kuelekea sekunde 10, na muda wa kulegeza usipungue muda wa kubana. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unataka angalau mibano minane, mara tatu kwa siku, chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi mitatu, nami hufuata kipimo hicho isipokuwa uchunguzi ukiniambia vingine. Nitakufundisha pia kubana sekunde moja kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo, mbinu ndogo ambayo kwa baadhi ya watu hupunguza kuvuja kabla hata misuli haijapata nguvu mpya. Usiyafanye mazoezi haya kwa kukatiza mkojo katikati kila uendapo chooni, maana kibofu kinaweza kuzoea kutomaliza kazi yake.

Misuli iliyokakamaa huhitaji njia nyingine kabisa. Tutaanza na pumzi inayoshuka hadi tumboni, mikao ya kulala inayofungua nyonga, na mkandamizo mpole wa kidole juu ya sehemu inayouma, nao haupaswi kuzidi kiwango unachokivumilia ukiwa unapumua kwa utulivu. Kwa wenye maumivu ya tendo la ndoa huwapo vipanuzi vya uke vya ukubwa unaopanda, na kila kimoja mgonjwa hukiingiza kwa mkono wake mwenyewe, kwa kasi yake. Wenye choo kigumu wanaobana pale wanapopaswa kulegeza hufundishwa upya namna ya kukaa: miguu juu ya kigoda ili magoti yapite usawa wa nyonga, kifua kiiname mbele, na pumzi itolewe badala ya kuzuiwa. Haja ya ghafla ya mkojo nayo ina mafunzo yake, ambayo ni kusimama au kuketi palepale, kubana kwa haraka mara kadhaa hadi wimbi lipite, kisha kutembea kwenda chooni, na kuongeza pole pole muda kati ya safari moja na nyingine.

Mashine zipo, ikiwamo ya umeme mdogo unaoamsha misuli, lakini ni msaada kwa asiyeweza kubana kabisa, na haitumiki kwa mjamzito wala kwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mwanaume anayesubiri kutolewa tezi dume namshauri aje kabla ya upasuaji, maana kujifunza kubana ni rahisi zaidi wakati hakuna mpira wa mkojo wala kidonda.

Si kila kitu ni changu. Mama ambaye tangu ajifungue mkojo humtoka mfululizo usiku na mchana huenda ana fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke, na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji. Damu kwenye mkojo itafutiwe chanzo kwanza. Anayeshindwa ghafla kukojoa, huku mgongo ukimuuma na msamba ukifa ganzi, aende hospitali saa hiyohiyo. Kizazi kilichoshuka kidogo hupata nafuu ya dalili kwa mazoezi. Kilichotoka nje hakirudishwi na mazoezi, na huhitaji pete ya kukishikilia au upasuaji.

Mabadiliko huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya 12, kwa sharti kwamba mazoezi yanafanyika nyumbani, na ziara za kwangu huzidi kuachana kadiri hali inavyokuwa nzuri. Miezi mitatu ikipita bila nafuu licha ya mazoezi kufanywa sawasawa, siongezi mitatu mingine kwa kubahatisha. Namwandikia daktari barua yenye vipimo vya mwanzo na vya sasa, ili mgonjwa asilazimike kusimulia habari zake zote upya.