Ukeketaji Tarime: kumfundisha binti peke yake hakutoshi

Wilayani Tarime, mkoani Mara, msimu wa ukeketaji huwa Desemba, shule zikifungwa, wazee wa mila wakisharuhusu. Elimu ya kuupinga inayofika Novemba hukuta kanga zimenunuliwa na ndugu wamealikwa. Ianze Juni.

Kosa kubwa ni kuwakusanya wasichana pekee. Binti huelewa vizuri habari za kuvuja damu, maambukizi na uzazi mgumu, kisha hurudi kwa bibi anayehofia aibu, baba anayehesabu ng'ombe wa mahari na kaka anayeapa kutooa msagane, jina la kumdhalilisha asiyekeketwa. Hubakiwa na njia moja: kukimbilia nyumba salama, makazi ya kuwahifadhi mabinti wanaokimbia kisu. Januari anarudi kwenye familia ileile, imemnunia.

Kila rika likae kwanza kivyake, vikao viwili au vitatu, maana mkamwana hampingi mama mkwe hadharani. Wazee waulizwe waziwazi juu ya fedha: ngariba hulipwa kwa kila binti, na sehemu ya malipo huwafikia wao. Mkiliruka hilo, mtapigiwa makofi na Desemba visu vitatoka. Vijana wa kiume ndio waoaji; tamko lao la kuoa wasiokeketwa, likitolewa mbele ya mama zao, huvunja hoja ambayo daktari haivunji. Bibi naye asitukanwe. Ameshuhudia uzazi mwingi, aulizwe alichokiona. Mafunzo, zawadi, ngoma na binti kusindikizwa barabarani akiwa amebandikwa noti kifuani, vyote vibaki mikononi mwake. Kiondoke kisu tu.

Sheria ipo tangu 1998: anayemlea mtoto wa chini ya miaka 18 akasababisha akeketwe anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Lakini ukoo usiposhawishika, sheria husukuma jambo gizani: watoto wachanga hukeketwa kimyakimya, wengine huvushwa mpaka kwenda Kenya. Hata hivyo mabadiliko yapo. Kitaifa, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996; mwaka 2022 walikuwa asilimia 8.

Kuanzia Oktoba, walimu na majirani waangalie binti anayeaga shule ghafla, anayenunuliwa nguo mpya, au anayepelekwa "kumsalimia shangazi" kabla ya likizo. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi siku hiyohiyo.