Je, wajua kwa nini projekta ya macho matatu hukaguliwa kwanza ikiwa imezimwa?

Kwenye mnada wa vifaa vya ofisi au vya hoteli Nairobi, mara mojamoja hutokea sanduku zito lenye lenzi tatu zilizopangwa mbele kama macho. Hiyo ni projekta ya CRT, mashine ya miaka ya 1980 na 1990. Muuzaji atakimbilia kuiwasha ili uone picha. Mwambie asubiri, kisha utoe tochi.

Projekta za kawaida zina taa inayowaka muda wote, na ndani yake kuna kidirisha kinachouzuia mwanga pale panapotakiwa giza. Kizuizi hicho huvuja, ndiyo maana usiku wa kwenye filamu hutoka kijivu. CRT haina taa. Ina mirija mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, ndugu zake ule wa televisheni ya zamani yenye kisogo. Elektroni huipiga fosfori iliyopakwa ndani ya kioo, fosfori hung'aa, na lenzi huirusha picha ukutani. Pasipopigwa hapatoki mwanga hata chembe. Kwa weusi, mashine hii ya mtumba bado inazishinda projekta nyingi mpya.

Tatizo ni kwamba fosfori huchakaa, na huchakaa zaidi pale inapopigwa sana. Kapasita utaipata kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, na fundi aliyezoea televisheni za kisogo anaweza kuchomelea bodi upya. Mirija mizima ya kubadilisha ni adimu. Kwa hiyo unachonunua hasa ni mirija. Mengine yote ni sanduku lake.

Mashine ikiwa imezimwa na kupoa, mulika kupitia kila lenzi, tochi ikiwa imeinamishwa kidogo, utazame uso wa mrija ulio nyuma. Uso mzima unatakiwa uwe na rangi moja. Ukiona mstatili wa hudhurungi, fosfori imeungua. Mashine iliyotumika kwenye chumba cha mikutano huweza hata kuwa na upau wa chini wa Windows umejichora kwenye kioo, na hautafutika. Mstatili hafifu usio na kingo kali unavumilika, mradi picha yako ibaki ndani yake. Kingo kali zikipita katikati ya picha, achana nayo. Mrija wa kijani uukague mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya mwangaza unaouona hutoka kwake. Wa buluu nao mara nyingi ndio hutangulia kuchoka.

Tochi hiyohiyo itakuonyesha kioevu cha kupozea kilicho mbele ya mirija, ambacho kwa kawaida ni glaikoli. Kinatakiwa kiwe safi kama maji ya chupa. Ukungu au nyuzinyuzi zinazoelea humaanisha kimechafuka, nao hutawanya mwanga hadi weusi wote ule unapotea. Kinaweza kubadilishwa, ila ni sumu, kwa hiyo usikiache penye mtoto au paka. Dalili za kunata chini ya lenzi maana yake kinavuja, na kikidondokea bodi hula shaba.

Sasa iwashwe. Iache dakika 30, kwa sababu picha huhamahama mirija ikiwa bado baridi. Weka picha nyeupe tupu kutoka kwa kompyuta, ufunike lenzi mbili kwa kadibodi na kuangalia rangi mojamoja: baka lolote utakaloliona hapa utaliona kwenye kila filamu. Tega sikio pia. Mirija hii hutumia zaidi ya volti 30,000, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya huku haizuii cheche vizuri kama ya Mombasa, na vumbi lililoshika kwenye waya huzidisha balaa. Mlio wa tss-tss au harufu kali kama ya mashine ya fotokopi ni dalili kwamba umeme unatoroka. Usifungue kifuniko ujionee mwenyewe. Chaji hubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa.

Swali ambalo wanunuzi wengi husahau ni hili: inapokea masafa, yaani mistari ya picha inayochorwa kwa sekunde, hadi kilohezi (maelfu) ngapi? Mashine inayoishia kilohezi 15 au 16 ni ya picha za video za zamani tu. Dikoda ikitoa 720p ya hezi 50 inahitaji kilohezi 37.5. Kompyuta ikitoa 1080p ya hezi 60 inahitaji 67.5. Namba hii imo kwenye kitabu cha mashine. HDMI haina, huwa na matundu ya waya tano (rangi tatu na mapigo mawili ya kuipanga picha mahali pake), kwa hiyo utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA na waya wa kuigawa VGA mara tano. Na rimoti iwepo. Bila rimoti, mashine nyingi za aina hii haziwezi kupangwa, na picha isiyopangwa ni vivuli vitatu vinavyokimbizana.

Kuhusu nyumba, usijidanganye kwa lumeni 1,000 zilizoandikwa kwenye brosha. Hicho ni kipimo cha doa dogo jeupe. Skrini nzima ikiwa nyeupe, hesabu mia mbili hivi. Chumba kiwe giza totoro na skrini isizidi upana wa mita 2 kwa mirija ya inchi 7 au 8. Lenzi hazina zumu, hivyo umbali wa mashine na skrini umeshaamuliwa na kiwanda: kwa skrini ya mita 2, tarajia kati ya mita 2.5 na 3. Uzito ni kuanzia kilo 50 hivi, na zile za inchi 9 huweza kupita 100. Dari ya jipsamu haitaibeba, na mwenye ploti hatapenda utoboe slabu, basi iweke kwenye meza imara ya chini. Angalia pia kibandiko cha nyuma kama inakubali volti 240, kwani zilizotoka Marekani nyingine ni za 120. Kati yake na soketi weka TV gadi, maana stima ikirudi huja kwa kishindo.

Kuipanga ni kazi ya jioni nzima. Washa mistari ya gridi, unyooshe ya kijani peke yake hadi ijae skrini. Washa nyekundu na kuilaza juu ya kijani. Zikilalana sawasawa mistari hugeuka njano. Zima nyekundu, ilete buluu juu ya kijani, utapata samawati. Ukiwasha zote tatu na mistari ikawa myeupe bila pindo la rangi, umemaliza, mpaka mtu aigonge meza.